Wale wa Boston Walikuwa Kina Delamere

Juni 2024 niliweka video mtandaoni. Nilikuwa nimejifunga bendera mabegani, sauti imekauka kwa kupiga kelele mjini, nikaeleza kwa dakika moja na nusu vile watu wa Boston walitupa chai baharini mwaka wa 1773 kwa sababu ya kodi. Nikamaliza kwa kusema: sisi ndio wao. Hiyo video ilienda. Ilienda kuliko kitu kingine chochote nimewahi kuweka. Watu walikuwa na hasira ya Muswada wa Fedha, mkate ulikuwa unataka kuwekewa VAT ya asilimia 16, na mimi nilikuwa nimewapa hadithi ya kodi ambayo inaishia kwa uhuru. Nani atakataa hadithi kama hiyo?

Mtu wa kwanza kuniharibia raha alikuwa shosho yangu. Binamu alimwonyesha video kwa simu yake huko Kinangop. Shosho ana miaka themanini na kitu. Alizaliwa kwa shamba la Mzungu, baba yake akiwa skwota, na akiamua kukuuliza swali hakuulizi lile ulijiandaa kujibu. Alinipigia. Nilijua atanikanya kuhusu maandamano, ati nikae nyumba. Hapana. Aliniuliza, "Hao watu wa chai, shamba walikuwa wanakaa lilikuwa la nani?" Nikamwambia, shosho, hao walikuwa Waingereza walihamia Marekani, wakakaa huko hadi wakachoka kutawaliwa na Uingereza. Akanyamaza kidogo. Halafu: "Kumbe hao ni kina Delamere." Simu ikakatika. Sijui kama ni salio liliisha ama alikuwa amemaliza.

Nimekaa na hilo swali muda mrefu. Nimesoma sana pia, kwa sababu tangu niache chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, kusoma ndiko kumekuwa kazi yangu, na hakuna mtu ananisahihishia. Hii posti ni ndefu. Kama uko kwa matatu ya kutoka tao jioni, itakutosha hadi ufike.

Tuanze na deni, maana hata Marekani ilianza na deni.

Kati ya 1756 na 1763 Uingereza ilipigana na Ufaransa karibu kila mahali duniani, na ikashinda. Upande wa Amerika Kaskazini iliwanyang'anya Wafaransa Canada. Lakini vita si bure. Kufikia mwisho wake deni la taifa la Uingereza lilikuwa limekaribia kuongezeka mara mbili. Juu ya hilo, London iliamua kuacha wanajeshi kama 10,000 kule Amerika. Sasa nani atawalipia? Watu wa Uingereza kwenyewe walikuwa wanalipa kodi nzito tayari, nzito kuliko walowezi wa Amerika kwa mbali. Ukiwa waziri London, hesabu yako ni rahisi: hawa wa makoloni ndio tuliwapigania, wachange kidogo.

Hapo kuna kitu ambacho video yangu iliruka kabisa. Kabla ya kodi yoyote maarufu, mfalme George wa Tatu alitoa amri Oktoba 1763: walowezi wasivuke milima ya Appalachian kwenda magharibi. Si kwamba alikuwa na roho safi. Mataifa ya wenyeji huko ndani yalikuwa yameinuka mwaka huo chini ya watu kama Pontiac, yakateka ngome kadhaa za Waingereza, na London haikutaka gharama ya vita vingine. Kwa hivyo ikachora mstari kwenye ramani: huku walowezi, kule wenyeji.

Walowezi walikasirika vibaya. Wengi walikuwa tayari wameitia macho hiyo ardhi. George Washington, huyo wa kwenye noti ya dola, alianza kazi kama mpima ardhi, na kununua ardhi ya magharibi ilikuwa moja ya biashara zake kubwa. Mwaka wa 1767 alimwandikia rafiki yake mpima ardhi akimwambia hiyo amri ni ya kuwatuliza wenyeji kwa muda tu, kwa hivyo amtafutie vipande vizuri mapema, na kimyakimya. Ukiwa umekulia nyumba ambayo hadithi za ardhi ndizo hadithi za usiku, hiyo barua unaielewa bila kufafanuliwa.

Haya, sasa kodi.

Mwaka wa 1764 ilikuja sheria ya sukari na molasi. Kinachochekesha ni kwamba ilipunguza ushuru wa molasi, kutoka peni 6 kwa galoni hadi 3. Shida ilikuwa kwamba ule wa zamani hakuna mtu alikuwa akilipa. Wafanyabiashara wa Boston walikuwa wamezoea magendo na kuwapaka mafuta maofisa wa forodha. Serikali ikasema tumepunguza, lakini safari hii mtalipa kweli. Kodi ndogo inayokusanywa inauma kuliko kodi kubwa iliyo kwenye karatasi. Muulize mtu yeyote mwenye kibanda.

Halafu 1765, Sheria ya Stempu. Kila karatasi yenye maana ilitakiwa kuwa na stempu ya serikali: gazeti, hati ya korti, leseni, kalenda, hata karata za kuchezea. Dadu jozi moja, shilingi 10. Na cheti cha chuo kikuu, pauni 2. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu. Angalau mimi hiyo ningeikwepa.

Angalia hiyo orodha tena. Waliogongwa zaidi ni mawakili, wachapishaji wa magazeti, wafanyabiashara, na watu wa baa wanaocheza karata. Yaani serikali ilichagua kuwatoza kodi wale wale wenye mdomo mkubwa zaidi mjini, na wale wenye mahali pa kukutania. Kama ni mimi nimekaa London ningewatoza kitu kingine, chochote, lakini si gazeti.

Hoja yao unaijua: hatuna mbunge hata mmoja kule London, kwa hivyo Bunge la London haliwezi kututoza kodi. Jibu la London lilikuwa kwamba wabunge wanawakilisha raia wote wa himaya hata wasiowapigia kura, kwani hata Manchester na Birmingham, miji mikubwa kabisa, haikuwa na mbunge wake. Walowezi wakaona hilo ni jibu la kijinga. Na lilikuwa.

Nenda pale kwetu sasa. Waafrika wa Kenya walianza kutozwa kodi ya nyumba mwanzoni mwa miaka ya 1900. Walowezi Wazungu walipiga kelele kwamba wanalipa kodi bila wawakilishi, maneno yale yale ya Boston, na kufikia 1920 walikuwa wanachagua watu wao kuingia baraza la kutunga sheria. Waafrika? Kuanzia 1924 "aliyetuwakilisha" alikuwa mmishonari Mzungu. Mwafrika wa kwanza kukaa kwa lile baraza ni Eliud Mathu, 1944. Kwa hivyo hoja ya Boston ilifika Nairobi mapema sana. Ila ilifika mikononi mwa walowezi.

Turudi Boston, Agosti 1765. Aliyeteuliwa kusambaza stempu alikuwa tajiri mmoja anaitwa Andrew Oliver. Asubuhi ya tarehe 14 watu waliamka wakapata sanamu yake ya matambara imening'inizwa kwa mti mkubwa. Jioni umati ukaibeba, ukabomoa jengo lake, ukamvunjia madirisha ya nyumba. Aliyeongoza mtaani alikuwa fundi viatu, Ebenezer Mackintosh. Oliver akaacha hiyo kazi hata kabla ya kuianza. Siku 12 baadaye umati ukaenda kwa Thomas Hutchinson, naibu gavana, ukaisafisha nyumba yake hadi kuta za ndani. Fenicha, pesa, divai, karatasi zake, kila kitu.

Hapo viongozi waheshimiwa wa upinzani waliogopa kidogo. Walitaka hasira ya fundi viatu, lakini kwa kipimo. Sijui kama kuna kundi la kisiasa duniani halijawahi kuwa na hiyo shida, la kuhitaji vijana barabarani Jumanne na kuwahitaji warudi nyumbani Jumatano.

Oktoba hiyo wajumbe wa makoloni 9 wakakutana New York, jambo geni kabisa, kwa sababu makoloni yalikuwa yamezoea kuzozana yenyewe kwa yenyewe juu ya mipaka. Wafanyabiashara wakakubaliana kususia bidhaa za Uingereza. Hicho ndicho kiliumiza. Wenye viwanda na maduka Uingereza walipoona mauzo yanashuka walikimbilia wabunge wao, na Machi 1766 Sheria ya Stempu ikafutwa. Watu wakasherehekea, mabaruti yakapigwa.

Lakini siku ile ile ya kufuta, Bunge lilipitisha sheria nyingine fupi ikisema lina mamlaka ya kuwatungia walowezi sheria kuhusu jambo lolote lile. Karibu hakuna aliyeisoma kwa makini katikati ya sherehe. Nafikiria Juni 26, 2024, rais alipokataa kutia sahihi ule muswada, vile tulikumbatiana na bado tulikuwa tunazika watu. Na mwisho wa mwaka ule ule baadhi ya kodi zikarudi kwa sheria nyingine, wakati watu wanafikiria Krismasi. Sitasema zaidi hapo.

1767 kodi zikarudi Amerika pia: kioo, risasi, rangi, karatasi, chai. Safari hii kususia kukaingia hadi jikoni. Na jikoni maana yake wanawake, ambao hakuna aliyewahi kuwauliza maoni yao juu ya Bunge. Waliacha chai ya dukani wakachemsha majani ya msituni. Walikutana makundi makundi kusokota nyuzi ili watu wavae nguo za kienyeji badala ya kitambaa cha Uingereza. Msichana aliyeenda kanisani na gauni la kienyeji alikuwa anatoa kauli ya kisiasa bila kufungua mdomo.

London ikaleta jeshi Boston, Oktoba 1768. Mji wa watu kama 16,000, na wanajeshi wanazunguka, wanatafuta vibarua saa zao za mapumziko na kushusha mishahara ya wafanyakazi wa bandarini. Unaona kitakachotokea. Tarehe 22 Februari 1770, mtu wa forodha alifyatua bunduki dirishani mwake akijaribu kutawanya umati, akamuua mtoto wa miaka kama 11, Christopher Seider. Maelfu wakaja mazishini. Siku 11 baadaye, usiku wa tarehe 5 Machi, umati ukawarushia askari theluji na vipande vya barafu mbele ya ofisi ya forodha, askari wakapiga risasi, watu 5 wakafa. Mmoja alikuwa Crispus Attucks, baharia mwenye damu ya Kiafrika na ya wenyeji.

Niruhusu kidogo kama mtu wa kontenti. Ile picha maarufu ya mauaji hayo, askari wamepanga mstari wanafyatua kwa amri, ilichapishwa na fundi wa fedha Paul Revere. Ilisambaa kila mahali. Kwanza, haikuwa hivyo. Kulikuwa na giza na vurugu, si mstari ulionyooka. Pili, Revere aliiiga kutoka kwa mchoro wa kijana mwingine, Henry Pelham, bila ruhusa, akaiwahisha sokoni kabla yake. Pelham akamwandikia barua ya uchungu akimwambia ni kama ameibiwa barabarani. Miaka 250 na zaidi imepita, na bado jina linalokumbukwa ni la aliyeposti kwanza.

Na sisi pia tuna Machi yetu. Tarehe 16 Machi 1922, watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi wakitaka Harry Thuku aachiliwe. Malalamishi yao yalikuwa kodi, kipande, mishahara iliyokatwa. Mary Muthoni Nyanjiru akawaaibisha wanaume kwa kuinua nguo, polisi wakafyatua risasi. Serikali ilihesabu 21 waliokufa. Wengine wanasema walikuwa wengi zaidi. Hatuna picha ya Revere ya siku hiyo. Na mwaka huo huo, walowezi wa Kenya walipanga jambo lao: kwa kuwa London ilikuwa inataka kuwapa Wahindi haki za kura, waliunda kamati ya siri na kupanga kumteka gavana, Robert Coryndon, wamfungie kwa shamba la mbali, wachukue serikali. Si hadithi ya baa. Kuna watu walipewa majukumu. London ikarudi nyuma kidogo ikatoa ule Waraka wa Devonshire wa 1923, na mpango ukafa.

Sasa niambie: kama wangefaulu, si wangejiita wapigania uhuru? Mfalme dhalimu, Bunge la mbali, kodi, haki zetu za asili. Kila kitu kingetoshea. Ian Smith wa Rhodesia alifanya hivyo hasa tarehe 11 Novemba 1965: akajitangazia uhuru kutoka Uingereza ili Waafrika wasitawale, na lile tangazo likaandikwa kwa kufuata mtindo wa lile la Marekani la 1776. Shosho hakuwa anatania.

Chai yenyewe nitaipitia haraka kwa sababu nyote mnaijua, isipokuwa kitu kimoja: sheria ya chai ya 1773 ilishusha bei. Kampuni ya East India ilikuwa inakaribia kufilisika, maghala yamejaa chai, kwa hivyo Bunge likairuhusu iuze moja kwa moja Amerika kwa bei ya chini hata kuliko ya magendo. Ushuru mdogo ukabaki. Walioumia kwanza ni wafanyabiashara wa Boston, wakiwemo wa magendo. Wananchi wengi waliona mtego: ukinywa chai ya bei rahisi umekubali kodi. Usiku wa tarehe 16 Desemba wanaume wakapanda meli tatu, Dartmouth, Eleanor na Beaver, wakatumbukiza makasha zaidi ya 340. Ilikuwa chai ya China, kwa wale mnafikiria Kericho.

Walikuwa wamejipaka masizi usoni na kujifanya Wamohawk. Yaani mlowezi anavaa sura ya mwenye ardhi ili apigane na mfalme, halafu vita vikiisha anakwenda kuichukua ardhi ya mwenye sura. Na kwenye ile Dartmouth, kabla chai kuingia baharini, kulishushwa mzigo mwingine: nakala za kitabu cha mashairi cha Phillis Wheatley, msichana aliyeletwa Boston kutoka Afrika Magharibi mwaka wa 1761 akiwa mtoto, akauzwa, akapewa jina la meli iliyomleta. Chai ilikaa kwenye vitabu vya shule hata vya kwetu. Yeye sikuwahi kumsikia hadi nilipojitafutia.

Baada ya chai mambo yalikwenda mbio. London ikafunga bandari ya Boston, ikavunja serikali ya Massachusetts. Badala ya makoloni mengine kuogopa, yakatuma chakula, na Septemba 1774 wajumbe wa makoloni 12 wakakutana Philadelphia. Aprili 19, 1775, risasi zikalia Lexington, wanamgambo 8 wakafa. Miongoni mwa waliojeruhiwa asubuhi hiyo alikuwa Prince Estabrook, mtumwa. Hata hapo, wengi bado walitaka mapatano na mfalme, si uhuru. Julai walimwandikia barua ya unyenyekevu. Mfalme hakuipokea, akawatangaza waasi.

Aliyewasukuma ukingoni ni mtu ambaye nampenda, na sioni haya. Thomas Paine aliacha shule akiwa kijana mdogo, akashindwa biashara, akafutwa kazi ya ukusanyaji ushuru mara mbili, akafika Amerika mwisho wa 1774 akiwa mgonjwa. Januari 1776 akatoa kijitabu chembamba bila jina lake, kwa lugha ambayo fundi viatu angeielewa, akisema wazi kile wakubwa walikuwa wanazungukazunguka: mfalme hana maana, kisiwa hakiwezi kutawala bara, ondokeni. Miezi sita baadaye, Julai 1776, wakaondoka.

Aliyeandika tangazo, Thomas Jefferson, aliandika kwamba watu wote wameumbwa sawa. Katika maisha yake alimiliki watu zaidi ya 600. Kwenye rasimu yake alimlaumu mfalme kwa biashara ya watumwa; wenzake wakaifuta hiyo sehemu. Sehemu inayowaita wenyeji washenzi wasio na huruma wakaiacha. Karibu mtu mmoja kati ya watano kwa yale makoloni alikuwa Mweusi, wengi wao watumwa. Mwandishi Samuel Johnson aliwauliza kutoka London, imekuwaje kelele kubwa za uhuru zinatoka kwa wanaoswaga watumwa? Alikuwa upande wa serikali, na alilipwa pensheni nayo, lakini swali ni swali.

Hapa ndipo nilikutana na mtu ambaye ndiye sababu ya hii posti. Anaitwa Harry Washington. Alizaliwa Afrika Magharibi, akanunuliwa na George Washington mwaka wa 1763, mwaka ule ule wa mstari kwenye milima. Alijaribu kutoroka 1771, Washington akalipia tangazo gazetini, akarudishwa. Mwisho wa 1775 gavana wa Virginia, Lord Dunmore, akatangaza kwamba mtumwa yeyote wa muasi akijiunga na jeshi la mfalme atakuwa huru. Dunmore mwenyewe alikuwa na watumwa, hiyo ilikuwa mbinu ya vita tu. Lakini mlango ni mlango. Mwaka wa 1776, bosi wake akiongoza vita vya uhuru, Harry akatafuta wake upande wa pili.

Ukihesabu kama Harry, mfalme dhalimu ndiye alikuwa na ofa nzuri zaidi mezani.

Walowezi walishinda, kwa msaada mkubwa wa Ufaransa, Yorktown 1781. Kwenye mazungumzo ya kufunga vita Mei 1783, moja ya mambo ya kwanza Washington alimdai jenerali wa Uingereza, Guy Carleton, ni kurudishiwa watumwa. Carleton akakataa. Waingereza wakaandika daftari la Weusi kama 3,000 waliopanda meli New York. Harry yumo: miaka 43, aliondoka kwa bwana wake miaka 7 iliyopita. Wakapelekwa Nova Scotia, Canada, baridi, mawe, ardhi kidogo au hakuna kabisa. Mwaka wa 1784 wanajeshi Wazungu waliostaafu wakawavamia na kubomoa nyumba zao kwa kuwa walikubali vibarua vya bei ndogo. Januari 1792 karibu watu 1,200 wakapanda meli 15 kwenda Sierra Leone, wakaanzisha Freetown. Harry yumo tena.

Waliahidiwa ardhi bila kodi. Walipofika, kampuni ya London iliyoendesha koloni ikataka kodi ya ardhi kila mwaka. Wakakataa, wakaandika malalamishi, wakaandika tena. Septemba 1800 baadhi yao wakabandika sheria zao wenyewe mjini, kwamba gavana ashughulike na mambo ya kampuni tu. Kampuni ikaita hayo uasi. Meli ikatokea na wanajeshi, wawili wakanyongwa, wengine wakafukuzwa. Harry Washington akapelekwa ng'ambo ya mto, Bullom Shore. Mtu aliyekuwa mali ya George Washington akaadhibiwa kwa kukataa kodi ya kampuni ya London, miezi tisa baada ya George kuzikwa kwa heshima zote.

Siwezi kuwaambia kwamba ile hadithi ya Boston ni uongo. Elizabeth Freeman, mtumwa wa Massachusetts, alisikia hayo maneno ya usawa, akaenda kortini mwaka wa 1781, akashinda, akawa huru. Ho Chi Minh alianza kutangaza uhuru wa Vietnam mwaka wa 1945 kwa maneno ya Jefferson. Maneno yalitoroka kwa wenyewe kama Harry alivyotoroka. Ninachosema ni kwamba niliposema "sisi ndio wao", nilichagua watu wasio wetu kwa ile picha. Sijafuta video. Niliongeza komenti juu yake, watu 14 wakaisoma.

Disemba nilienda Kinangop nikamsimulia shosho kuhusu Harry. Alikuwa anachambua maharagwe. Alisikiliza yote, New York, Canada, meli, kodi. Alinikatiza mara moja tu, nilipofika Freetown.

"Shamba walipimiwa?"

Nikamwambia walipimiwa dogo kuliko la ahadi.

"Eeh," akasema, akaendelea kuchambua.